Nisimulie kwa Haki: Ian Charleson na Hamlet ya 1989

Mwanzoni mwa Septemba 1989, onyesho likiwa linaendelea, Hamlet alitoka jukwaani na hakurudi. Aliyekuwa akimwigiza ni Daniel Day-Lewis, na ukumbi ulikuwa Olivier, ule mkubwa kuliko kumbi zote za National Theatre mjini London, wenye viti zaidi ya 1,100. Alikuwa amefika pale ambapo Hamlet, mwana wa mfalme katika tamthilia ya Shakespeare yenye jina hilo, anakutana na mzimu wa baba yake. Baba yake mwenyewe, mshairi Cecil Day-Lewis, alifariki mwaka 1972, mtoto akiwa na miaka 15. Watu wakasema amemwona marehemu. Mwenyewe alikuja kueleza miaka mingi baadaye kwamba maneno hayo yasichukuliwe kama yalivyo. Jeremy Northam, mwigizaji wa akiba, ndiye aliyeingia akamalizia usiku ule, na Day-Lewis hajapanda tena jukwaa la tamthilia mpaka leo.

Kisa hicho wengi wanakifahamu. Kilichofuata hakisimuliwi sana, na kikisimuliwa, naona husimuliwa vibaya.

Tiketi zilikuwa zimeshauzwa na ratiba ilikuwa na usiku mwingi mbele. Oktoba nafasi ya Hamlet ilikabidhiwa Ian Charleson, Mskoti wa miaka 40 ambaye dunia ilimjua kama yule mkimbiaji mcha Mungu wa filamu ya Chariots of Fire. Charleson alikuwa na UKIMWI, na wakati huo haukuwa tena wa kufichika mwilini. Alicheza mpaka tarehe 13 Novemba. Tarehe 6 Januari 1990, wiki nane kasoro siku mbili baada ya onyesho lake la mwisho, alifariki.

Wasimulizi wengi hukifupisha hivi: mtu aliyekuwa anakufa aliigiza mtu anayekufa, ndiyo maana akawa mzuri kiasi kile. Inasikika kama sifa, kumbe inamnyang'anya mtu kazi yake. Nafasi ya Hamlet ina takriban mistari 1,500, hakuna nafasi nyingine ya Shakespeare inayoifikia kwa urefu, na ugonjwa haumfundishi mtu mistari 1,500. Ugonjwa hauelekezi mahali pa kuvuta pumzi katikati ya sentensi yenye mikunjo mitano, wala haukufundishi kusema maneno yaliyosemwa kwa karibu miaka 400 kana kwamba yanatoka mdomoni mwako kwa mara ya kwanza. UKIMWI ulimpunguzia Charleson nguvu, ukamharibu sura, ukamfupishia muda. Haukumwongezea chochote. Kilichomfikisha pale alikuwa nacho tayari, na ndicho ninachotaka kukipa nafasi yake.

Tuanze alikotoka.

Alizaliwa Edinburgh tarehe 11 Agosti 1949, baba yake akifanya kazi ya uchapaji. Nyumba yao ilikuwa ya wafanyakazi wa kawaida. Mtoto alikuwa na sauti nzuri ya kuimba na akili ya darasani, akapata ufadhili wa kusoma Royal High School. Alipoingia Chuo Kikuu cha Edinburgh alianza na usanifu majengo, kozi ambayo mzazi yeyote angeifurahia, lakini ukumbi wa maigizo wa wanafunzi ukamvuta. Baada ya shahada akaenda London kusomea uigizaji katika chuo cha LAMDA, kisha akaingia kampuni ya maigizo ya Young Vic, halafu Royal Shakespeare Company (RSC).

Huko RSC alicheza Ariel katika The Tempest mwaka 1978, roho ya hewani inayomtumikia mchawi na kuomba uhuru wake. Nafasi hiyo inahitaji mtu anayeimba. Charleson alikuwa na kitu ambacho waigizaji wa aina mbili hugombania na wachache hukipata kwa pamoja: sauti ya mwimbaji na masikio ya msema mashairi. Hakuwa akiimba shairi. Alikuwa akilisema, lakini mtu aliyezoea kuimba anajua sentensi inaanguka wapi na inapanda wapi.

Kisha ikaja Chariots of Fire mwaka 1981. Alimwigiza Eric Liddell, mwanariadha wa Scotland aliyekataa kukimbia siku ya Jumapili kwenye Olimpiki ya Paris 1924, akaacha mbio za mita 100 zilizokuwa zake, akashinda mita 400 kwa sekunde 47.6. Kuna mambo mawili katika maandalizi yake ambayo mimi huyaona kuwa ufunguo wa kila kilichokuja baadaye.

La kwanza ni shingo. Liddell wa kweli alikuwa anakimbia kichwa amekirudisha nyuma, uso ameuelekeza mbinguni, mikono ikipiga hovyo. Charleson alijaribu kumuiga na ikawa shida, kwa sababu mtu anayekimbia hivyo haoni anakokwenda. Siku zikapita akiyumba nje ya njia yake. Ndipo akakumbuka zoezi la chuo cha uigizaji: unakimbia kwa kasi kuelekea ukutani ukiwaamini wenzako kwamba watakuzuia. Akaelewa. Liddell hakuwa anaangalia anakokwenda kwa sababu alikuwa anaamini. Tangu hapo akakimbia vile bila shida, na ukiitazama filamu utaona kwamba haigizi mtindo wa kukimbia. Anaigiza imani, na miguu inafuata.

La pili ni hotuba. Katika filamu Liddell anasimama baada ya mashindano, mvua inanyesha, watu wa kawaida wamemzunguka na miamvuli, naye anawazungumzia habari ya imani akiifananisha na mbio. Hotuba iliyokuwa kwenye mswada Charleson aliiona ya kujikweza, haifanani na mtu yule. Alikuwa ameisoma Biblia kwa bidii ili ajiandae. Akamwambia mwongozaji, Hugh Hudson, kwamba maneno yale hayawezi kumgusa mtu. Wakamruhusu aandike yake, na hayo ndiyo tunayoyasikia. Kwa hiyo mhubiri yule aliyewaliza watu makanisani dunia nzima alikuwa anasema maneno ya mwigizaji mwenyewe.

Filamu ilichukua Oscar nne, ikiwemo ya filamu bora. Mwaka uliofuata tuzo ya filamu bora ikaenda kwa Gandhi, na humo pia Charleson yumo, kama mchungaji Charlie Andrews, rafiki wa Gandhi. Filamu bora mbili mfululizo, na mtu huyohuyo ndani ya zote mbili. Angeweza kwenda Hollywood na kubaki huko. Mwaka 1982 huohuo alikuwa National Theatre, ukumbi wa Olivier, akiimba kama Sky Masterson katika Guys and Dolls chini ya mwongozaji Richard Eyre. Ukumbi huo na mwongozaji huyo tutakutana nao tena.

Mwaka 1986 aliambiwa ana virusi vya UKIMWI.

Msomaji aliyezaliwa baada ya ARV kupatikana anahitaji kuelezwa maneno hayo yalimaanisha nini wakati ule. Hakukuwa na matibabu ya kumrudisha mtu kwenye maisha yake. Dawa ya AZT iliidhinishwa mwaka 1987, ikasaidia kwa muda, ikawa na madhara makali, na dawa mseto zilizobadilisha kila kitu zilifika mwaka 1996. Mwaka 1987 serikali ya Uingereza ilipeleka kijitabu cha tahadhari kila nyumba, na kwenye televisheni likatoka tangazo la jiwe la kaburi likichongwa. Aprili mwaka huo Diana, mke wa mrithi wa ufalme, alimshika mgonjwa mkono bila glavu katika Hospitali ya Middlesex, na picha ikawa habari ya dunia, jambo linaloonyesha jinsi watu walivyokuwa wakiogopa hata kushikana mikono. Halafu mwaka 1988 Bunge likapitisha kile kilichojulikana kama Kifungu cha 28, kilichozuia halmashauri kufanya lolote la kuonekana kuwa linatangaza mapenzi ya jinsia moja. Mwezi Januari mwaka huo, akibishana redioni kuhusu muswada huo, Ian McKellen akasema hadharani kwamba yeye ni mmoja wa wanaume wanaopenda wanaume. Kwa mwigizaji mkubwa wa wakati ule, hiyo ilikuwa hatua ya kutikisa. Charleson naye alikuwa anapenda wanaume, na hakuwa amelitangaza.

Magazeti ya udaku ya London yalikuwa yanasaka majina. Mtu maarufu akikonda, aliandamwa na wapiga picha. Akifa, familia ilitaja nimonia au saratani. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji mkalimani hapo. Tunayajua matangazo ya vifo ya miaka ile, "baada ya kuugua kwa muda mrefu", na kila msikilizaji wa redio alijua kilichorukwa.

Katika hali hiyo, mwaka 1988, Charleson alirudi National Theatre kucheza Brick katika Cat on a Hot Tin Roof ya Tennessee Williams. Naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu naona watu wanaruka kutoka kwenye filamu moja kwa moja hadi Hamlet, na wanapoteza kipande kikubwa. Brick ni mlevi anayetembea kwa gongo. Familia yake imemdanganya baba yao kwamba vipimo ni vizuri, ilhali ana saratani na anakufa. Baba anambana Brick aseme ukweli kuhusu rafiki yake Skipper, yule ambaye upendo wao Brick hathubutu hata kuupa jina. Akibanwa mpaka ukutani, Brick anarudisha pigo: anamwambia baba yake kwamba anakufa na wote wanajua isipokuwa yeye. Charleson alisema maneno hayo usiku baada ya usiku, akiwa na miaka miwili tangu aambiwe habari yake mwenyewe. Watazamaji hawakujua. Walichoona ni mwigizaji anayejua uzito wa ukweli wa aina hiyo, na thamani ya kuchagua wakati wa kuusema.

Sasa turudi Oktoba 1989.

Richard Eyre ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa National Theatre tangu mwaka uliotangulia, na ndiye aliyeiongoza Hamlet hii iliyofunguliwa Machi. Alimfahamu Charleson kwa miaka, na alijua kwamba anaumwa. Mbele yake kulikuwa na swali ambalo halina jibu safi. Kumkabidhi mgonjwa nafasi nzito kuliko zote ni kuhatarisha kampuni nzima, ambayo ilikuwa imeshampoteza Hamlet mmoja katikati ya usiku. Ni kumhatarisha mgonjwa pia. Lakini kumnyima kwa sababu ya ugonjwa ni kumwambia kwamba ameshazikwa. Eyre alimchagua.

Kuna watakaosema ilikuwa huruma. Siamini, na sababu yangu ni ya kikazi. Ukumbi wa Olivier ni mgumu. Uliigwa kutoka kwenye viwanja vya maigizo vya Ugiriki ya kale, watazamaji wamekaa kwa upana mkubwa mbele ya jukwaa, na mwigizaji asiye na sauti humezwa humo. Mwongozaji akimweka mtu asiyeweza, watu zaidi ya 1,000 wanamwona akishindwa, na kushindwa huko kunamdhalilisha kuliko kunyimwa. Eyre alikuwa amemwona Charleson akiushika ukumbi huohuo kwa wimbo mwaka 1982. Alijua anachokabidhi.

Kupokea nafasi katikati ya msimu ni kazi ya aina yake, na wasio waigizaji hawaielewi sana. Mtu anayeanza onyesho jipya anapewa wiki za mazoezi na haki ya kukosea. Anayepokea anakuta kila kitu kimeshapangwa: nani anasimama wapi, taa inawaka lini, panga linapita upande gani katika pambano la mwisho na Laertes. Ameingia ndani ya vazi la mtu mwingine, na wenzake jukwaani wameshazoea pumzi ya mtu mwingine. Chaguo jepesi ni kumuiga aliyetangulia. Na aliyetangulia hapa alikuwa kijana mwenye mvuto mkubwa, ambaye kuondoka kwake kulikuwa kumeandikwa kila gazeti. Charleson alitakiwa kuingia hapo akiwa na uso uliovimba kuzunguka macho kwa sababu ya ugonjwa. Yule kijana mzuri wa Chariots of Fire hakuonekana tena. Mwigizaji wa filamu uso wake ni mtaji, na mtaji huo ulikuwa umekwisha.

Akabaki na sauti, na akili.

Huo ndio msingi wa hoja yangu yote. Waliomwona walizungumzia jinsi alivyokuwa akifikiri mbele yao. John Peter, mhakiki wa Sunday Times, alirudi kuitazama Hamlet hii akiwa na Charleson ndani yake, jambo ambalo wahakiki hawalifanyi mara nyingi, kwa kuwa kazi yao huishia kwenye usiku wa ufunguzi. Aliyoyaandika Novemba yalikuwa sifa kubwa, na sifa yenyewe haikuwa ya machozi. Ilikuwa ya akili, ya namna maneno yalivyotembea yakiwa na nguvu na wepesi kwa pamoja. Msomaji wa gazeti lile hakuwa na sababu yoyote ya kudhani kwamba anasoma habari za mtu mahututi. Charleson alipimwa kama mwigizaji mzima, akafaulu.

Hebu tuchukue mahali pamoja, karibu kabisa na mwisho. Hamlet amealikwa kwenye pambano la panga. Rafiki yake Horatio anahisi kuna hila, anamwomba akatae. Hamlet anajibu kwamba hata shomoro haanguki bila mpango. Kama saa ya kufa ni sasa, basi haiko mbele. Kama haiko mbele, itakuwa sasa. Kama si sasa, bado itakuja. Kuwa tayari ndiyo yote. Kisha anaongeza, kwa maneno mawili tu kwa lugha yake: basi iwe.

Mwigizaji mbaya hapo analia. Mwigizaji wa wastani anatoa busara, anaipandisha sauti ili watu wajue kuwa sasa linasemwa jambo kubwa. Lakini ukiyatazama maneno yenyewe, hayana mapambo. Ni hesabu: sasa, baadaye, sasa. Karibu kila neno ni fupi. Huyu ni mtu ambaye kwa saa tatu ameuliza maswali marefu yenye matawi, na sasa sentensi zake zimekuwa fupi kwa sababu amemaliza kubishana. Kazi ya mwigizaji hapo ni kutoongeza kitu. Kutoongeza kitu ndilo jambo gumu kuliko yote katika ufundi huu, na ni jambo ambalo mtu hulifikia akiwa amecheza miaka 17, akaimba Ariel, akaandika hotuba ya mvuani kwa sababu ile aliyopewa ilijikweza. Angekuwa mzima angeyasema vilevile. Tofauti ni kwamba angekuwa na Hamlet nyingine mbele yake, na King Lear, na miaka 30 ya kazi.

Muda mfupi baada ya onyesho la mwisho la Charleson, McKellen alipewa tuzo ya gazeti la Evening Standard ya mwigizaji bora wa mwaka kwa kumwigiza Iago katika Othello. McKellen naye alikuwa amewahi kucheza Hamlet na anaijua njia hiyo kila jiwe. Alipopokea alisema kwamba amemwona Hamlet aliyekamilika pale National Theatre, na kwamba mwigizaji bora wa mwaka 1989 kwa kweli ni Ian Charleson. Sanamu ya tuzo akampa yeye. Alisema pia kwamba Charleson aliicheza nafasi ile kana kwamba alikuwa ameifanyia mazoezi maisha yake yote. Mimi nachukua maneno hayo kama yalivyo: mazoezi, maisha yote. Hakusema ugonjwa.

Sasa lile la siri, ambalo wengine wameliita woga.

Charleson hakutangaza akiwa hai. Angetangaza Septemba, kila aliyenunua tiketi Oktoba angekuja kumwangalia mgonjwa. Kila akikohoa, watu wangekohoa naye. Mistari ya kaburi na fuvu ingekuwa yake, isingekuwa ya Hamlet, na hakuna mhakiki ambaye angethubutu kuandika kwamba alikosea mahali. Angepoteza haki ya kupimwa. Kunyamaza kwake ndiko kulikomwezesha kufanya kazi. Ila aliacha agizo: nikifa, semeni nimekufa kwa UKIMWI.

Januari 1990 agizo likatekelezwa. Kilikuwa kifo cha kwanza cha mtu maarufu wa maigizo na filamu nchini Uingereza kutangazwa waziwazi kwamba kimetokana na UKIMWI. Kwa wakati ule ni jambo kubwa. Mwaka 1985 alikufa mwigizaji wa filamu Rock Hudson huko Marekani, ambaye taarifa zake zilitoka wiki chache kabla ya kifo baada ya kukanushwa. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alitoa taarifa yake Novemba 1991, siku moja kabla hajafa. Charleson alikuwa amepanga mapema, kwa utulivu, na kusudi lake lilikuwa kwamba watu wauone ugonjwa kama ulivyo: unaweza kumshika mtu yule waliyempenda kwenye filamu ya Mskoti mcha Mungu.

Ukirudi kwenye tamthilia utaona alikopata ramani, au angalau mahali ambapo ramani mbili zinalingana. Hamlet akiwa anakata roho, sumu imeshamwenea, Horatio anataka kunywa naye afe. Hamlet anamnyang'anya kikombe. Anachohofia si kifo. Anahofia jina lenye jeraha litakalobaki nyuma yake mambo yakiwa hayajajulikana. Anamwomba rafiki yake avumilie kuvuta pumzi kwa uchungu katika dunia hii ngumu ili asimulie kisa chake, amweleze kwa haki mbele ya wasiojua. Ndipo anasema kilichobaki ni ukimya. Mpangilio ni huo: kwanza kazi iishe, kisha ukweli usemwe, na usemwe na waliobaki. Charleson aliomba hivyo hivyo, jukwaani usiku kwa usiku, halafu nje ya jukwaa mara moja.

Nisimalize bila kutaja kilichokuwa kikitokea upande wetu miezi hiyohiyo. Aprili 1989 mwanamuziki wa Uganda Philly Bongoley Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alitangaza hadharani kwamba ana virusi vya UKIMWI, akawa Mganda wa kwanza mwenye jina kubwa kufanya hivyo. Wapo waliokataa kuamini, wakasema anatafuta umaarufu. Alitumia miezi aliyobakiwa nayo kuzunguka shuleni na makanisani akiimba na kuonya, mwili ukiisha mbele ya macho ya watu. Alifariki tarehe 15 Desemba 1989, siku 22 kabla ya Charleson. Hawakujuana. Mmoja aliona kazi yake ndiyo kusema, akasema akiwa hai. Mwingine aliona lazima kazi itangulie, akaacha neno liseme baada yake. Sioni sababu ya kumpandisha mmoja juu ya mwingine. Lutaaya alikuwa mwimbaji anayetunga maneno yake, na wimbo unaweza kubeba jina la ugonjwa wa mwimbaji. Mwigizaji anabeba jina la mtu mwingine kila usiku, na akitaka abebwe vizuri lazima lake alishushe kwanza.

Katika Hospitali ya Royal Free, kaskazini mwa London, kituo cha kuhudumia wenye virusi kilipewa jina la Ian Charleson. Watu waliohudhuria kliniki hapo miaka ya 1990 walianza kupokea dawa mseto ambazo yeye alizikosa kwa miaka sita. Wengine wao wameshazeeka.

Na mwaka huohuo wa 1990 gazeti la Sunday Times pamoja na National Theatre walianzisha tuzo yenye jina lake, ya waigizaji walio chini ya miaka 30 wanaofanya vizuri katika tamthilia za kale jukwaani nchini Uingereza. Naona walichagua sawasawa. Wangeweza kuanzisha kitu cha kumkumbuka mgonjwa na kikawa cha heshima, lakini hiki kinamkumbuka fundi, na kinawatafuta vijana wanaojifunza kusema mistari migumu katika kumbi kubwa. David Oyelowo aliipata kwa kumwigiza Mfalme Henry wa Sita. Paapa Essiedu, kijana wa London mwenye asili ya Ghana, aliipata kwa kazi zake za mwaka 2016, mojawapo ikiwa Hamlet pale Royal Shakespeare Company, ambako alikuwa mwigizaji mweusi wa kwanza kupewa nafasi hiyo. Amezaliwa Juni 1990, miezi mitano baada ya Charleson kufariki.